Mawese kwa Bibi wa Jiwe

Bruxelles, 14 Januari 2024

Yaya Thérèse, dada yangu mukubwa wa Likasi,

Kama unasoma hii karatasi, basi Maman Régine wa chorale, kwaya yetu, amefika salama na valise zake, na ile chokoleti niliyoficha katikati ya soksi haikuliwa na ba-douane, batu ba forodha. Ulisema kwa simu hautaki tena kunisikia. Eti kwa simu mudomo yangu inateleza kama samaki, afadhali niandike, sababu karatasi muntu anaisoma mara ya pili na kuona mahali chumvi imezidi. Bon. Karatasi njo hii. Soma hata mara kumi, chumvi hautaona.

Habari kubwa: harusi ya binti yako Mujinga na muchumba wake Héritier iko sawa. Samedi, le quinze juin, tarehe 15 mwezi wa sita, ndani ya kanisa yangu ya Saint-Evermar, hapa upande wa Laeken. Nasema kanisa yangu sababu ufunguo iko kwangu. Bazungu ba conseil, ile kamati ya parokia, balitafuta muntu wa kushika ule ufunguo, balizunguka Bruxelles yote, balifika mpaka Schuman pale kwenye maofisi ya Ulaya, mukono ya kutosha hawakuona. Balipofika kwangu Saint-Josse, Madame Anaïs, présidente wa conseil, aliangalia vidole vyangu akasema: «Voilà, njo huyu.» Ule ufunguo ni chuma tupu, urefu kama mukono ya mutoto. Nikiutia mufukoni natembea upande moja kama bata.

Sasa nikuonyeshe kanisa, ujue binti yako ataingia wapi. Iko na miaka huit cents, mia nane. Munara yake, chini ni mawe ya giza, mafupi, yalipangwa na ba babu zao wakati balikuwa bado banaogopa vita. Madirisha madogo kama macho ya muntu anasinzia. Juu ni mawe meupe, laini, balijenga bajukuu wakati pesa ilikuja. Ukiitazama unaona muntu amevaa suruali ya mugodi na shati, chemise ya dimanche ya misa. Urefu wake sitaki kukutisha. Nasema tu hivi: ukiangusha yai kutoka kule juu, inafika chini ni kifaranga.

Ndani, dari iko na mbavu. Mbavu za mawe, Yaya! Zinatoka kwa nguzo, zinapanda, zinakutana juu kama vidole vya muntu anaomba. Unasimama pale katikati uko Yona ndani ya tumbo la samaki. Nguzo moja imeinama. Bale banasoma vitabu banasema iliinama zamani, udongo ulikuwa laini. Miye najua iliinama siku nilianza kazi, ilitaka kunisalimia. Na inje, chini ya paa, kuna banyama ba mawe banatema maji ya mvua. Moja iko na sura ya Maître Kasongo, ule mwalimu wa hesabu alikuwa ananichapa. Mvua ikinyesha nasimama pale namwangalia anatapika. Roho inatulia kabisa.

Lakini nilikuwekea ya muhimu mwisho. Kushoto ya altari kuna kaburi ya chevalier moja, askari wa farasi wa zamani, na bibi yake. Bamelala juu ya kaburi yao benyewe, jiwe tupu, mikono imeunganishwa kifuani. Chevalier iko na simba chini ya miguu. Bibi, jina yake Dame Heilwige, iko na kambwa kadogo. Chevalier, batu ba vita balimuvunja pua. Bibi, hata ukucha haikuvunjika. Miaka six cents, mia sita, amelala vile. Kila asubuhi nafungua mulango namwambia: «Bonjour, Madame.» Na naapa, Yaya, siku zingine kale kambwa kanatikisa mukia.

Mujinga atasimama pembeni yake. Nimeshazungumza na Dame Heilwige, amekubali kuwa témoin, shahidi wa ndoa. Na misa yetu ya Kiswahili ya dimanche ya kwanza ya mwezi inajaza kanisa mpaka mulangoni, sababu ya nani? Sitataja jina.

Ni miye mudogo yako,
Polycarpe Tshibangu
Mulinzi Mukubwa wa Ufunguo na Munara


Likasi, 4 Februari 2024

Polycarpe,

Mara ya kwanza nilisoma nikacheka. Mara ya pili nilichukua kalamu nyekundu. Kifaranga nimekikata. Mkia wa mbwa nimeukata. Ufunguo nimeupunguza nusu, na Maître Kasongo nimemwekea alama ya kuuliza. Umebaki na kanisa, nguzo iliyoinama na bibi aliyelala. Hayo nayakubali mpaka nitakapoyaona.

Ndiyo, nitakapoyaona. Nimepeleka makaratasi ya visa. Wamesema nisubiri, nami ninasubiri. Lakini mwalimu aliyefundisha shule ya primaire maisha yake yote hawezi kupanga darasa kwa kutegemea chaki ambayo haijafika. Kwa hiyo sikiliza.

Maman Régine anakuletea unga, dagaa wa kapenta na chupa moja ya mafuta ya mawese. Mawese hayo yametoka kwa shangazi kule Malemba, yamechemshwa kwa mkono. Unajua kazi yake. Kwetu msichana hatoki kwa wazazi wake akiwa mkavu. Mimi siku ile nilipakwa na Mama mikono na miguu, Mama alipakwa na mama yake, na yeye na wake. Ngozi iliyopauka haiendi harusini. Nisipopewa visa, utampaka wewe. Wewe ndiye mjomba, na kwetu mjomba ni mama wa kiume, kwa hiyo usiniambie habari ya aibu.

Chupa ni moja. Si ya kupikia pondu, majani ya muhogo. Si ya magoti yako. Si ya kuonjesha wageni ukiwaambia kwamba uliyakamua mwenyewe juu ya mnara. Ni ya familia, kwa harusi. Nimeandika kubwa ili uone.

Dada yako unayemwogopa,
Mwalimu Thérèse Ngoie


Bruxelles, 3 Machi 2024

Yaya,

Chupa imefika. Asante. Ni mawese ya kweli, inangaa.

Huku baridi iko. Ndani ya kanisa bamefungua chauffage kali, ile mashine ya joto, kila kintu inapauka. Batu banapauka, viti inapauka, hata mawe inapauka.

Munara iko palepale. Misa ya Kiswahili ya leo haikufanyika, kuna matengenezo kidogo.

Bon. Donc. Swali moja, haina maana kubwa. Rafiki yangu moja, haumujui, mawese ilimumwagikia kwa chemise. Chemise nyeupe. Ya zamani, ya ba babu zake. Mawese inatoka namna gani kwa chemise ya vile, bila kusugua kwa nguvu? Tuseme chemise ni ngumu kidogo. Tena haiwezi kutolewa mahali iko.

Jibu upesi. Mujinga usimuulize, iko na kazi mingi.

Polycarpe


Likasi, 10 Machi 2024

Polycarpe,

Barua yako ina ukurasa mmoja na ndani yake hakuna hata uongo mmoja wa kujisifu. Nimeogopa. Hata jina lako umeliandika peke yake, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Mawese kwenye nguo: mwagia unga wa mahindi, uache unywe mafuta siku nzima, kisha upanguse taratibu. Maji ya moto usiyaguse, yataingiza doa ndani.

Lakini nguo ngumu kiasi hicho sijapata kuiona, isipokuwa chemise ya marehemu Baba, ile aliyoitia wanga mpaka ikasimama peke yake. Hebu niambie, chemise ya rafiki yako ina ukubwa gani? Imelala chali? Ina mikono iliyounganishwa kifuani?

Usinijibu. Namwandikia Mujinga.

Thérèse


Bruxelles, 20 Machi 2024

Maman,

Umeuliza, najibu. Kwa simu siwezi, tonton Polycarpe iko pembeni yangu kila dimanche nikikupigia, anasikiliza mpaka pumzi. Hii karatasi naipa dada ya Héritier anayesafiri kesho.

Ni kweli. Ni Dame Heilwige.

Unajua chauffage ya kanisa mu hiver, wakati wa baridi. Ule bibi alipauka usoni, mashavu ilikuwa na weupe-weupe kama muntu anatoka kuoga bila kujipaka. Tonton aliniambia: «Mujinga, témoin wako hawezi kusimama harusini na ngozi ya vile.» Nilicheka. Nilijibu: «Basi umupake, tonton.» Maman, nilikuwa nacheka tu!

Mercredi moja, katikati ya juma, misa ya asubuhi ilipoisha, kanisa ilibaki tupu. Tonton alitoa chupa yako. Anasema alitaka kidogo tu, kwa mashavu. Lakini bibi alikuwa anakunywa. Alikunywa kama udongo wa kwetu mwezi wa tisa mbele ya mvua. Tonton aliongeza kwa mikono, akaongeza kwa vidole, akafika mpaka kwa mbwa. Kisha alifunga mulango, akaenda kula.

Kesho yake bibi alikuwa rangi ya chungwa. Siyo kidogo, Maman. Chungwa.

Madame Anaïs alikuja kupanga maua, alipiga kelele mpaka Padri Jean-Pierre alikimbia na kiatu moja. Conseil ilikutana. Hawajui ni nani. Banasema ni sisi, ile kundi ya Kiswahili, tulikula karibu na kaburi, ao tulifanya mambo ya kienyeji. Padri Jean-Pierre alitutetea, alisema tusihukumiwe kabla ya kujulikana ni nani. Lakini misa yetu imesimamishwa. Na harusi yangu iko inangoja. Le quatre avril, tarehe 4 mwezi wa ine, muntu wa monuments, ofisi ya majengo ya zamani, anakuja kuangalia jiwe, kisha yake conseil itaamua kama batu ba Kiswahili batarudia kuingia pale ao hapana.

Tonton amebadilika. Anaenda kazi, anarudi, hajisifu hata mara moja. Hata kwa meza habishi na muntu.

Halafu barua yako ya unga ikafika. Maman! Alichukua ile unga ya mahindi ya bukari uliyotuma, yote, akamumwagia bibi wa batu kutoka kichwa mpaka miguu, akamuacha siku nzima na kitambaa juu. Nilipofika nilimukuta anapangusa na brosse ya viatu. Haikutoka. Unga imekamata na mafuta. Dame Heilwige sasa iko kama samaki anangoja kikaango. Nilianza kucheka, halafu niliona tonton analia, nikaacha.

Anasema batamunyanganya ufunguo, hiyo haimuumize. Inamuumiza sababu Maman Régine na chorale yote banasingiziwa, banamuuliza yeye: «Papa Polycarpe, weye unakaa pale kila siku, haukuona muntu?» Na yeye anasema hakuona. Héritier anasema tuoane kwa ofisi ya commune tu, basi, tule pilau. Miye nataka pale. Siyo juu ya uzuri. Pale njo mahali tulijuana, miye naimba, yeye anakosea kuimba.

Kintu moja sikuelewa. Akimupangusa alikuwa anamwambia pole-pole: «Pole, Maman. Pole.» Nilimuuliza mbona anamwita Maman. Akasema ni heshima tu, bibi ni mukubwa.

Binti yako,
Mujinga


Likasi, 26 Machi 2024

Polycarpe,

Mujinga ameniambia. Usimfokee, nilimwamuru.

Unga ni kosa langu. Nilijua si chemise, nikaandika hivyo hivyo kwa sababu nilitaka kukucheka. Hilo nalibeba mwenyewe.

Lakini chupa ilikuwa ya mwanangu, nawe ukamnywesha bibi wa watu. Hilo tutalizungumza uso kwa uso, na nitakuwa nimesimama.

Sasa jambo lenyewe. Watu wanaoimba pamoja nawe wanaangaliwa kama wachafu kwa ajili ya mkono wako. Maman Régine, aliyebeba chupa ile kati ya nguo zake za ndani ili isivunjike, anaangaliwa kama mchafu. Tarehe 4 utasimama kabla huyo mtu wa jiwe hajafungua kinywa. Usilete yai, usilete kifaranga. Sema: ni mimi, na sababu ni hii. Ukimaliza, nyamaza. Najua kunyamaza kutakuwa kugumu kuliko kusema.

Wakikunyang'anya ufunguo, utakuwa umepona kutembea kama bata.

Ubalozi umeniita nikachukue pasipoti. Hawasemi ndani yake wameandika nini. Nimeandaa nguo ya harusi na nguo ya kukaa nyumbani, zote nimezipiga pasi.

Dada yako,
Thérèse


Bruxelles, 7 Aprili 2024

YAYA!

Kaa chini. Hapana, simama, ucheze kidogo, halafu ukae.

Nikuambie toka mwanzo, na hii yote ni kweli, muulize Mujinga, yeye amekaa hapa anaangalia kalamu yangu kama polisi.

Le quatre avril, kanisa ilijaa. Conseil yote, Madame Anaïs na manteau, koti yake nyeusi kama anazika, Padri Jean-Pierre, Héritier na Mujinga. Na chorale! Hawakuitwa, balikuja benyewe, balijipanga nyuma chini ya madirisha, Maman Régine mbele na mikono kiunoni. Muntu wa monuments, Monsieur Hervé, ni muzee moja mufupi na sakosi, mufuko ya ngozi. Alipoiweka chini, nikajua: ni sasa.

Nilisimama kama simba ya chevalier. (Mujinga anasema niandike nilikuwa nimeshika kiti na mikono mbili. Bon, imeandikwa.) Nikasema: «Ni miye. Mawese ni ya dada yangu, mukono ni yangu. Ba chorale hawajui kitu. Kwetu mutoto akiolewa, hatumuache muntu wa familia na ngozi kavu. Huyu bibi namusalimia kila siku, kwangu amekuwa familia.» Halafu nilinyamaza vile uliniambia. Yaya, kunyamaza ni kazi ya mugodi!

Madame Anaïs alinyoosha kidole kwa bibi. Akauliza: «Na unga, Monsieur Polycarpe?»

Nikasema: «Unga pia ni ya dada.»

Kule nyuma nilisikia Maman Régine anasema: «Eh, Papa! Kumbe ni weye! Na nilikupikia!» Sauti yake ilipanda kwa zile mbavu za dari, ikazunguka, ikarudi mara ya pili. Hii kanisa haisahau kitu upesi.

Sasa Monsieur Hervé. Alivaa miwani, akainama juu ya bibi. Mafuta hakuiangalia. Unga hakuiangalia. Alikunja kidole akamugonga kifuani: ko, ko, ko. Yaya, ililia kama mulango ya armoire, ya kabati! Akaenda kwa chevalier, akagonga: kimya, jiwe. Akarudia bibi: ko, ko, ko. Akaanza kutikisika mabega. Nilifikiri amepata ugonjwa, nilikimbia nimushike. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka alijishika kwa nguzo yangu ile imeinama.

«Ni plâtre,» akasema. «Mesdames, messieurs, ni plâtre, jasi tupu, siyo jiwe.»

Madame Anaïs alisema haiwezekani, yeye amekuja hapa toka alipohamia hii mutaa. Muzee akasema: ilifanyika mbele weye haujafika, mbele ya Padri pia. Zamani paa ilikuwa inavuja pale juu, maji ilianza kula bibi wa kweli, balimutoa kumutengeneza. Sura yake balimimina kwa plâtre, balilaza hapa, ili chevalier asibaki peke yake. Bibi wa kweli iko salama, mukavu, ndani ya dépôt, stoo ya makumbusho, anangoja siku paa yote itatengenezwa. Bale balijua balikufa ao balihama.

«Weye unajua namna gani?» Madame Anaïs aliuliza.

Muzee akaingiza mukono chini ya muto, pale bibi amelaza kichwa, upande wa ukuta, akaniambia niguse. Niligusa. Kuna alama ya kidole gumba, imezama ndani. Akaweka yake, iliingia sawasawa.

«Miye njo nilimumimina,» akasema. «Nilikuwa apprenti, mwanafunzi wa kazi. Patron alinipiga kofi juu ya hii kidole.»

Madame Anaïs alikaa juu ya kiti, alishika kichwa, alisema «Dieu merci, Dieu merci,» mpaka alichoka. Halafu alisimama, alinikumbatia, unga ya bibi niliyoshika yote ilihamia kwa manteau yake. Akaenda nyuma kwa ba chorale, akaomba musamaha, muntu kwa muntu, na mukono. Maman Régine alichelewa kidogo kumupa mukono. Halafu alimupa, na baridi ya hii inchi ikaisha pale pale.

Monsieur Hervé amesema unga atatoa yeye mwenyewe. Mafuta, hapana. Plâtre imekunywa mpaka ndani, haitoki tena, na ile chungwa na wakati itatulia, itakuwa rangi ya udongo. Conseil ilimuuliza kama atengeneze ingine. Alirudi nyuma hatua kidogo, akakunja jicho, akasema: «Franchement, kwa kweli? Nilimufanya mweupe sana. Mumuache.» Balimuacha.

Donc: misa ya Kiswahili inarudia mwezi wa tano. Harusi, le quinze juin, haijasogea hata unywele. Ufunguo iko mufukoni mwangu, naendelea na ubata wangu.

Lakini Yaya, nafurahi na nimekasirika. Miaka yote ile bonjour Madame, bonjour Madame, mvua na theluji, kwa plâtre! Na yeye amenyamaza! Vendredi asubuhi, kesho yake, nilimusimamia pale nikamuuliza: «Mbona haukuniambia?» Kambwa njo kaliangalia pembeni.

Ni miye,
Polycarpe Tshibangu
Mulinzi Mukubwa wa Ufunguo, Munara, Nguzo na Plâtre

N.B. Ndani ya chupa kumebaki mawese kidogo. Mikono ya Mujinga itatosha. Miguu, tutaona. Na ile pasipoti, mbona hausemi?


Likasi, 30 Juni 2024

Kwa Mlinzi Mkubwa wa Ufunguo, Mnara, Nguzo na Plâtre,

Nimefika nyumbani salama kutoka kwenu, na ile visa waliyonipa imekwisha kazi. Miguu imevimba kwa ndege, moyo haujavimba. Majirani wamekuja kuuliza habari za Ulaya, nikawaambia mkate mzuri, jua hakuna.

Sasa matokeo ya kalamu nyekundu, maana kwenye uwanja wa ndege ulinikwepa kwa kelele za kwaheri.

Mnara: nimeuona. Yai lako lingefika chini likiwa yai, na Héritier, ambaye hawezi hata kudaka noti ya wimbo, angelidaka. Suruali ya mgodi na chemise ya Jumapili: sahihi, umepata alama zote.

Ufunguo: unaingia ndani ya mkoba wangu pamoja na miwani, rozari na chakula cha njiani. Bata ni wewe mwenyewe.

Nguzo: imeinama. Niliisalimia. Sijui kwa nini, nilijikuta nimeisalimia.

Yule mnyama chini ya paa: nafuta alama ya kuuliza. Ni Maître Kasongo. Nilisimama kwenye mvua na viatu vyangu vya harusi, nikamtazama anatapika, na nafsi yangu, Mungu anisamehe, ilitulia kabisa.

Mujinga nilimpaka mwenyewe. Nilikuona mlangoni unajifanya unatafuta tai. Mikono ilipata, miguu ikapata. Alipopita katikati ya kanisa chini ya zile mbavu zako, chorale ikaimba, Héritier akakosea, na mikono ya mwanangu ilikuwa inang'aa kutoka kule nilikokaa. Madame Anaïs aliniegemea akaniuliza anatumia nini. Nikamwambia ni dawa ya plâtre. Yule mama alicheka mpaka Padri Jean-Pierre akatugeukia.

Lakini kuna jambo moja hukuliandika.

Uliniandikia simba. Uliniandikia mbwa na mkia wake, mikono kifuani, ukucha usiovunjika. Uso hukuuandika. Nimezirudia barua zako zote jana mezani, na taa karibu, na uso haumo. Kwa hiyo siku ile niliingia bila kujiandaa, nikamsogelea bibi wa watu ili nione doa mlilonisumbulia, na ilibidi nimshike mkono Maman Régine.

Lile paji pana. Ile midomo iliyobanwa, kama ya mtu anayezuia kicheko kanisani. Kile kidevu. Na sasa rangi ile, ambayo Mama alikuwa nayo akitoka shambani saa za jua kali.

Ulipopata habari za msiba wa Mama, makaratasi yako yalikuwa bado ofisini mwa watu na hukuweza kutoka. Sisi tulimwosha, tukampaka mafuta, tukamvika. Ulinipigia simu siku ile ukaniuliza jambo moja tu, kama ngozi yake ilikuwa nzuri. Nilikujibu ndiyo, upesi, kwa sababu watu walikuwa wengi. Sikuelewa kwa nini uliuliza hilo.

Wewe ni mtu wa ajabu, Polycarpe. Ulivyoniandikia vyote ulivitia chumvi, na kimoja kilichokuwa kweli ukakificha.

Sikukuambia kule kwa sababu watu walikuwa wengi tena, nawe ulikuwa umewazunguka wageni wa Héritier ukiwaeleza jinsi ulivyoushikilia mnara siku ya upepo. Niliona ulivyofurahi. Sikutaka kukupunguzia.

Ila mlipotoka wote kwenda kupiga picha, mimi nilirudi ndani. Chupa ilikuwa kwenye mkoba wangu, imebaki tone chini kabisa. Wewe ulimpaka uso, mikono, vidole, hata mbwa. Nyayo hukuzifikia. Kati ya miguu na mgongo wa mbwa pana nafasi ndogo, na vidole vyako vinene havikupita.

Vyangu vilipita.

Madame Anaïs usimwambie.

Dada yako,
Thérèse